Mgongo wa Baba na Saa ya Kuku

Fshaa, tu. Fshaa, tu. Hivyo ndivyo mgongo wa baba yangu ulivyokuwa unasema, na mpaka leo nikitulia nausikia.

Nilikuwa mdogo, wa kumkanyaga mtu mzima bila kumvunja. Baba akirudi shambani alikuwa anatandika mkeka barazani, analala kifudifudi, ananiita, "Mama, njoo unikanyage." Mama ni mimi. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwa baba sikuwahi kuwa mtoto hata siku moja. Basi nilipanda, nikashika nguzo ya baraza, nikatembea kutoka kiunoni hadi mabegani, naye anaguna chini yangu: "Hapohapo. Rudi kidogo. Eeh, hapo." Nikichoka nilikuwa najilaza juu yake kama mjusi kwenye jiwe la jua, sikio katikati ya mabega, nasikiliza. Ilikuwa sauti ya mama akipepeta ulezi kwenye ungo. Niliamini kabisa kwamba humo ndani kuna mwanamke mdogo anapepeta, na chakula cha baba kinaandaliwa huko.

Siku moja nilimwomba jirani yetu anibebe mgongoni. Alikuwa Msukuma, mfuga ng'ombe, baba wa watoto wengi, mtu mrefu kama mlingoti. Nikaweka sikio. Du-du, du-du, basi, hakuna kingine. Nilimhurumia sana. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba, "Yule baba wa watu hana ungo." Baba alicheka mpaka akashika kifua, akakaa chini.

Hakuna aliyejua kwamba ungo ule ulikuwa ugonjwa. Alizaliwa nao.

Sisi tunakaa Malangali, pembeni mwa Sumbawanga, pale mji unapochoka na mashamba yanapoanza. Baba alikuwa analima mahindi na ulezi, tena analima ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi zinafukiwa ndani zioze. Ni kazi ya kuinama na kuinuka kutwa nzima. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori yalikuja yenyewe kutoka mikoa mingine kununua mahindi, yakajipanga Kizwite, na vijana wa mjini wakashinda pale na mitumba yao ya kung'aa, "Mambo?" "Poa!", hata kwa mtu aliyepaswa kuamkiwa shikamoo. Baba alikuwa anapeleka magunia kwa baiskeli. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma, mkono mmoja umeshika gunia, kichwa kiko mbali. Nilikuwa naota nimepanda lori moja, nimekaa mbele, namwambia dereva twende popote.

Nilipofika darasa la saba nikaona baba anaanza kusimama njiani. Kila tukifika kwenye mwinuko anashuka, anainamia baiskeli, anashikashika mnyororo. "Huu mnyororo, mama, una matatizo." Kumbe mnyororo ulikuwa na matatizo kwenye milima tu. Kwenye tambarare ulikuwa mzima. Nikiuangalia ulikuwa umepakwa mafuta vizuri, unang'aa, lakini niliuchukia kweli, nikawa naupiga teke baba asipoona.

Siku aliyoanguka hakusema mnyororo. Alisimama, akaniegemezea baiskeli na gunia lake, akasema, "Shika," kisha akalala barabarani taratibu kama mtu anayetaka kukanyagwa mgongo. Nilipiga kelele. Watu wakaja. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Gunia limemwagika?"

Daktari wa hospitali ya mkoa alimsikiliza muda mrefu, akaondoa kipimo masikioni, akakirudisha. Halafu akatuinulia vidole vitatu vilivyokutana ncha.

"Kwenye moyo kuna mlango wa kutolea damu kwenda mwilini," alisema. "Watu wengi wamezaliwa na mlango wa vibao vitatu, hivi. Huyu mzee amezaliwa na viwili. Vimefanya kazi ya vitatu miaka yote, sasa vimekakamaa, havifunguki vizuri. Damu inapita kwa kusukumana. Ile sauti ni damu inayosukumana."

Mama alimtazama baba kuanzia kichwani hadi miguuni. "Yaani nimeolewa na mtu wa vibao viwili, na hakuna aliyeniambia?"

"Mbona hujarudi kwenu?" baba alimjibu. Wakacheka wote wawili. Nikatazama pembeni, maana niliona mama anavyofunga na kufungua fundo la khanga.

Daktari alisema dawa hazitoshi, mlango wenyewe lazima ubadilishwe, na mgonjwa akishaanza kuanguka njiani hana muda mrefu wa kungoja. Upasuaji huo haukuwa unafanyika nchini wakati huo. Baba akapelekwa Mbeya, kutoka Mbeya Dar es Salaam, na padri wetu wa parokia akahangaika huku na huku mpaka serikali ikamwingiza kwenye kundi la wagonjwa wa kwenda India. Huko Dar, alikuja kutusimulia, wakisikia anatoka Sumbawanga walikuwa wanamuuliza, "Mzee, umekuja kwa basi au kwa ungo?" Naye anawajibu, "Ungo nimekuja nao. Uko humu ndani."

India mimi niliijua. Kizwite kulikuwa na banda la video, nilikuwa nachungulia kwenye tundu la ukuta. Kwa hiyo wakati mama anasali rozari, mimi nilikuwa namwona baba na gauni la hospitali katikati ya watu wanaoimba kwenye mvua na kuzunguka miti. Nilijua hawezi kufa mahali watu wanaimba vile. Nilimwambia mama hivyo, akanivuta akanikumbatia kwa nguvu.

Alirudi ulezi ukiwa umeshavunwa. Alikuwa mwembamba, shati linapepea, na kifuani ana kovu la kushuka wima kama zipu. Mkononi ana boksi. "Zawadi ya mama," akasema. Ndani mlikuwa na saa ya mezani ya Kichina, nyekundu, ya kutia ufunguo. Kwenye uso wake amechorwa kuku, na kila saa ikisema tik, kuku anadonoa punje. Nilishindwa kusema asante, nikalia.

"Usilie. Huyo ni mdogo wangu," baba akasema. "Njoo usikilize."

Nikaweka sikio mgongoni, mahali pangu pa zamani. Ungo umekwisha. Badala yake, tik, tik, tik, safi, kama kucha kwenye kikombe cha bati. Hata bila kuweka sikio, chumba kikiwa kimya ulikuwa unamsikia. Walimpasua, wakautoa mlango wake wa vibao viwili, wakamwekea wa bandia, na huo ndio unaogonga ukijifunga. "Walinisimamisha moyo, mama. Nikawa sipo. Halafu wakaniwasha tena kama lori," alisema, na jirani yetu Msukuma akauliza kama wanamwasha kwa kumsukuma.

Masharti aliyorudi nayo yalikuwa machache. Ameze kidonge cha kuzuia damu isigande, kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake. Asiache tik ile ififie. Ikififia, aende hospitali siku hiyohiyo. Na mboga za majani asile nyingi kwa ghafla, maana zinashindana na kile kidonge. Kiasi kidogo, kilekile, basi. Mama aliyashika kama amri za Mungu.

Kisha shangazi akaja kutoka Ilemba.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Alishuka kwenye gari na furushi la matembele mabichi, majani ya maboga, majani ya maharage yaliyokaushwa, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Baba akachuchumaa, akampigia makofi yale ya taratibu tunayowaamkia nayo wakubwa. Shangazi hata hakuitikia. Alimshika mashavu. "Wamekunywa damu yote huko Uhindini! Angalia! Mtu mweupe kama unga!"

"Wifi, karibu, pumzika kwanza," mama akasema.

"Nitapumzika nini, na mdogo wangu hana damu? Mnampa nini hapa?"

"Ugali, mayai, samaki..."

"Mayai! Damu inarudi kwa majani, wifi. Kila mtu anajua."

"Daktari alisema majani—"

"Huyo daktari amezaliwa naye? Mimi ndiye niliyembeba. Nipe sufuria."

Akachemsha matembele, akayakamua, akamletea baba maji yake kwenye bakuli, yamekolea kama wino. Mama alimtazama baba. Mimi pia nilimtazama. Baba akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga makofi ya shukrani, akanywa lote.

Baadaye mama alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini. "Mama watoto, unajua tunaishi wapi," baba akasema. Na kweli, huku kwetu mtu akikataa chakula chako hajasema ameshiba. Amesema jambo jingine, na ukoo mzima umelisikia. Nchi nzima inatutania kwa uchawi, tunacheka nao. Lakini kukataa bakuli mbele ya aliyelileta, hilo halina utani. Baba, aliyetoka kufa akarudi, aanze kukataa bakuli la dada yake? Watu wangeuliza anamshuku kwa lipi. Na majirani nao, waliposikia kwamba baba anaongezwa damu, wakaja kila mmoja na chake. Mchicha, mnafu, majani ya maboga yenye karanga. Waliketi, wakamtazama anavyokula, wakafurahi. Msukuma peke yake ndiye aliyeleta maziwa, akasema, "Sisi majani tunawapa ng'ombe."

Sikuwahi kuona mtu anapendwa hivyo. Kila bakuli lilikuwa limefunikwa kwa sahani na khanga safi. Na baba alikula yote.

Alasiri moja nilikuwa ndani napukuchua mahindi. Shangazi na mama walikuwa jikoni, wanabishana kuhusu chumvi. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti, miguu kwenye kigoda, na saa yangu ya kuku juu ya meza pembeni yake. Nilikuwa na mchezo wangu: nasikiliza tik mbili, ya kuku na ya baba, naangalia nani atamtangulia mwenzake. Wakati mwingine wanakwenda pamoja hatua kadhaa, halafu baba anamwacha kuku. Nilikuwa namshangilia baba kimyakimya.

Siku hiyo kuku alikuwa anadonoa peke yake.

Niliacha gunzi. Nilingoja baba aanze. Kuku, kuku, kuku. Nikasimama. Nikaona shati lake linapanda na kushuka, nikapumua. Nikamzunguka taratibu, nikaweka sikio mgongoni. Alikuwepo, lakini mbali, anagonga kama mtu aliyevaa soksi mkononi. Na pumzi yake ilikuwa fupifupi, kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima, wakati kutwa hakutoka kwenye kile kiti.

Nikakimbilia jikoni. "Mama, baba amefifia."

"Amefanyaje?"

"Tik yake. Imefifia."

"Mbona mimi naisikia mpaka huku?"

"Hiyo ni ya kuku!"

Mama aligeuka, mwiko mkononi. Shangazi akacheka. "Huyu mtoto na ndoto zake. Juzi aliniambia atakuwa anatangaza redioni. Baba yako ameshiba mboga, amelala vizuri, ndiyo maana."

Siwalaumu. Nilikuwa mtu wa kusema mambo mengi. Nilishawahi kuwaambia kwamba ndege iliyopita juu yetu ilipunguza mwendo ili kunisalimia. Lakini safari hii nilimshika mama mkono, nikamvuta mpaka chumbani. "Weka sikio."

Mama akasimama mbele ya baba, asijue la kufanya. Aibu ilimshika. Kumwekea mume kichwa kifuani mchana, mbele ya wifi yake na mtoto wake, kwa mama yangu ilikuwa sawa na kuvua nguo sokoni. Baba akafungua macho, akatutazama. "Nimechoka tu, mama," akaniambia. Hata sentensi hiyo aliikata katikati akavuta hewa.

Nikaichukua ile saa, nikaikimbiza nje, nikaiweka uani kwenye majani. Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Kimya kabisa. Wote tulisimama tukisikiliza kitu ambacho hakipo.

Shangazi ndiye aliyesogea. Akajifunga khanga vizuri, akapiga magoti nyuma ya kiti, akalaza sikio mgongoni kwa mdogo wake, mtoto aliyembeba miaka ambayo mimi sikuwepo. Alikaa hapo muda. Nikaona uso wake unabadilika.

"Siku nilipofika," alisema polepole, "nilimsikia nikiwa mlangoni."

Akasimama. Sauti yake ilikuwa tofauti kabisa. "Wifi, vaa viatu. Wewe mtoto, kaite gari lolote lenye magurudumu."

Nilikimbia mpaka kwa Msukuma, naye akakimbia kunipita, na tukapata pikapu ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa inashusha chumvi. Hospitalini daktari yuleyule alisikiliza, akauliza baba amekula nini, na mama akamwambia yote bila kumtaja wifi yake. Daktari alisema damu imeanza kuganda kwenye ule mlango, haufungi vizuri, na ingekuwa siku chache zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Wakamchoma sindano, na alfajiri akaondoka kwenda Mbeya, yeye na mama na muuguzi mmoja, mbele kwenye lori la mahindi. Lori lilelile nililokuwa naota. Niliomba nimwambie dereva neno moja tu. Nikamwambia, "Kaka, mashimo uyakwepe." Akasema, "Poa, dada'ngu," na kwa mara ya kwanza neno hilo niliona ni zuri.

Tukabaki mimi na shangazi. Hakupika mboga. Tulikula ugali na maziwa ya Msukuma. Alikuwa anakaa barazani anatazama barabara, na siku moja akasema, bila kunigeukia, "Nilimbeba mgongoni. Akilia nilikuwa namtafunia ulezi. Sasa angalia nilichomlisha."

Nilijilaza mgongoni kwake, na ukubwa wangu wote. Du-du, du-du.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Mlango mzima, shangazi. Vibao vitatu."

"Kimoja ningempa yeye," alisema, na tukacheka kidogo, na tukalia kidogo, na kuku wake aliyemleta kutoka Ilemba akapita mbele yetu akiwa hana habari.

Baba alirudi. Aliposhuka kwenye gari barabarani, shangazi aliinua mkono watu wote wanyamaze, mpaka mbwa wa jirani akaambiwa anyamaze. Tik, tik, tik. Shangazi akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Ilemba.

Lakini mabakuli nayo yalirudi. Watu walikuwa wamesikia mgonjwa amezidiwa, kwa hiyo walileta mengi zaidi. Nikamwona baba anaanza kunyoosha mikono yake miwili. Hapo shangazi akakaa mbele yake, chini, katikati ya baba na wageni, akayapokea yeye. Akapiga makofi ya shukrani kwa niaba yake. "Huyu ni mtoto wangu, nilimbeba mgongoni," akawaambia. "Akila mimi, amekula yeye." Na akala, mbele yao, bakuli baada ya bakuli, akisifia chumvi ya kila mmoja, na kumpa baba kijiko kimoja cha kuonja kila siku, kijiko kilekile. Nani angekataa? Wageni walicheka, wakaridhika. Mama alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Shangazi aliporudi Ilemba gauni lake lilikuwa limebana, akasema damu zote za Malangali amezibeba yeye.

Kabla hajaondoka, siku waliyokwenda wote sokoni isipokuwa mimi na baba, nilisikia kitu kutoka jikoni. Tik. Nikajisemea, baba mzima. Halafu nikaacha kuosha vyombo. Nikajiuliza, nani?

Nikaenda chumbani. Baba alikuwa ameketi nje juani, mgongo umegusa ukuta wa chumba hicho. Mezani kuku alikuwa anadonoa, mwekundu, mzuri kama siku aliyofika. Nilikuwa nimeipangusa ile saa matope ya uani na kuipaka mafuta ya nazi. Niliitazama sana. Kisha nikaichukua, nikaifunga ndani ya sweta langu la mtumba, nikaizungushia na khanga kuukuu, nikafungua sanduku la nguo la mama, nikaizika chini kabisa, chini ya mablanketi. Niliishikilia hapo mpaka vidole vyangu vikaacha kuisikia. Nikashusha kifuniko, nikaenda kuweka sikio ukutani, nyuma ya mgongo wake.